Sitara ni haki ya raia: Profesa Danielle Citron na kesi tunazozimaliza nyumbani

Wanawake wa Pwani wanajua ukumbi wa kupamba ulivyo. Wanaume hawaingii. Mabuibui yanavuliwa, nywele zinafunguliwa, nguo za fahari ambazo jua halijapata kuziona zinatoka sandukuni, na kwa saa tatu au nne kila mtu yumo katika sitara ya wenziwe. Siku hizi mlangoni huwekwa mama mmoja mwenye kikapu cha kukusanyia simu. Katika arusi moja ya mtaani petu hapa Mombasa, miezi michache iliyopita, simu moja ilimpita mama huyo. Kulipopambazuka, picha ya bibi mmoja, mke wa mtu, ilikuwa imeshafika katika kundi la simu la wachezaji mpira, kisha kwa madereva wa tuktuk, kisha kwa mashemeji zake. Hakuwa uchi. Alikuwa kichwa wazi, amevaa vazi la arusi, anacheza. Lakini maneno yaliyoandikwa chini ya picha ile sitayarudia hapa.

Jambo lilipelekwa kwa wazee, nami nilikuwa miongoni mwa walioitwa barazani. Maneno yalikuwa mengi ila uamuzi ulikuwa mfupi: bibi atulie, asiende polisi, jambo lisipanuliwe, watu wana kawaida ya kusahau. Aliyepiga picha hakutafutwa. Walioisambaza, na baadhi yao ni vijana tunaosali nao safu moja, hawakuulizwa kitu. Nakiri kwamba siku ile sikufungua mdomo. Mumewe alikuwa ameshamrudisha kwao.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kazi za profesa mmoja wa sheria wa Marekani, Bi Danielle Keats Citron, na kila nikifungua ukurasa naiona baraza ile. Mimi si mwanasheria, ni msomaji tu, na wajuzi wa fani hiyo watanisamehe nikiyasema mambo yao kwa lugha ya sokoni. Ila naona mwanamke huyu, kwa miaka kama ishirini, amekuwa akiishughulikia kesi yetu pasipo kutujua.

Habari za elimu yake si ndefu. Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1990, akachukua sheria Fordham, New York, akamaliza mwaka 1994. Alisomesha miaka mingi Maryland, akahamia Boston mwaka 2019, na mwaka 2021 akaenda Chuo Kikuu cha Virginia. Mwaka 2019 alitunukiwa tuzo ya MacArthur, dola 625,000, fedha ambazo anayezipata haulizwi amezitumiaje. Hayo ni ya kujazia fomu. Lililonishika mimi ni namna alivyolichukua jambo lililokuwa likichekwa, akaligeuza likawa la mahakamani na bungeni.

Turudi mwaka 2007. Kulikuwa na mwandishi wa vitabu vya kompyuta huko Marekani, Kathy Sierra, mashuhuri katika fani yake. Watu wasiojulikana wakaanza kumwandikia katika mtandao kwamba watamuua na kumnajisi, wakaweka picha yake pamoja na kitanzi. Alivunja safari ya kwenda kuhutubia mkutano San Diego, akakaa kando na uandishi wa mtandaoni. Mwaka huo huo wanafunzi wa kike wa sheria wa chuo kikubwa walikuta majina yao yameanikwa mtandaoni pamoja na masingizio ya uzinifu na maradhi, na mtu yeyote aliyetaka kuwaajiri alipotafuta majina yao aliyakuta hayo kwanza. Jibu la wengi lilikuwa moja: mtandao ndivyo ulivyo, asiyeweza joto atoke jikoni, ni maneno tu, maneno hayavunji mfupa.

Bi Citron hakukubali. Mwaka 2009 alichapisha makala katika jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Boston, akiita jambo hili haki za raia katika mtandao. Hoja yake ni hii. Kundi la watu linapomwandama mwanamke mpaka akaacha kazi, akaacha kuandika, akalifuta jina lake mahali ambapo riziki yote siku hizi inatafutwa, kundi hilo limemnyima kitu kile kile ambacho sheria za haki za raia zilitungwa kukilinda, nacho ni nafasi ya kufanya kazi na kuishi kama wengine. Tena akaenda mbali zaidi, akafukua sheria ya mwaka 1871. Zama zile, baada ya utumwa kukomeshwa Marekani, kundi la Ku Klux Klan lilikuwa likivaa vinyago na kuwavamia watu weusi usiku. Kongresi ikatunga sheria dhidi ya watu wanaojificha nyuso na kushirikiana kuwanyima wenzao haki zao. Profesa akauliza: jina la bandia kwenye mtandao lina tofauti gani na kile kinyago?

Wapo waliosema amelinganisha kichuguu na mlima. Mimi mwenyewe nilipoisoma mara ya kwanza nilitikisa kichwa, maana Klan walichinja watu. Lakini msingi wa hoja hauko kwenye damu. Uko kwenye kundi, kinyago, na mtu mmoja anayefukuzwa kutoka mahali penye riziki yake.

Hapa ndipo alipofanya jambo ambalo naliona ndilo kubwa kuliko yote katika kazi yake. Aliikumbusha nchi yake kwamba si mara ya kwanza kwao kusema hilo ni la nyumbani. Mpaka miaka ya 1970 mwanamke wa Marekani aliyeshikwashikwa na bosi wake afisini hakuwa na jina la kuliita jambo hilo. Aliambiwa atabasamu, au atafute kazi nyingine. Mwaka 1979 Profesa Catharine MacKinnon akatoa kitabu kilichoeleza kwamba unyanyasaji huo ni ubaguzi chini ya sheria ya kazi, na mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikakubali. Vivyo hivyo mume aliyempiga mkewe: askari walifika, wakamwambia atembee kidogo apoe, wakaondoka. Kwa maoni ya Bi Citron, sheria hufanya kazi mbili. Inaadhibu, na pia inaliambia taifa lipi ni baya. Kabla sheria haijasema, aliyedhulumiwa hujilaumu mwenyewe, na jirani humsaidia kujilaumu.

Msomaji ataona kwa nini niliikumbuka baraza. Sisi tulikaa pale tukamwambia bibi wa watu atulie, nasi tukadhani tunamsitiri. Tuliyemsitiri ni mpiga picha.

Na sisi hatuna udhuru wa kukosa jina. Wamarekani ilibidi wangoje makala ya mwaka 1890 ya wanasheria wawili, Warren na Brandeis, ili waanze kusema kwamba mtu ana haki ya kuachwa na faragha yake. Sura ya Hujurat imekataza kupelelezana na kusengenyana kabla ya hapo kwa karne kumi na mbili na zaidi. Sura ya Nur imeamuru mtu asiingie nyumba isiyo yake mpaka aombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe, na anayemsingizia zinaa mwanamke mwenye kujihifadhi bila ya mashahidi wanne ana adhabu yake iliyotajwa, bakora themanini, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Katika kisa cha uzushi aliozuliwa Bi Aisha, Mama wa Waumini, lawama iliwashukia waliolipokea neno kwa ndimi zao wakalipitisha. Hao ndio wasambazaji wa leo. Hata waashi wetu walilijua jambo hili. Ingia nyumba ya kale ya Lamu: kuna daka ambapo mgeni hukaa, kuna kiwanda, kisha vyumba kimoja nyuma ya kimoja, na kila ukienda ndani ndivyo wanavyopungua wenye ruhusa ya kufika. Nyumba nzima imejengwa kwa mizani ya nani aone nini.

Neno sitara, basi, lina ndani yake karibu yote ambayo Bi Citron ameyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 2022 kuhusu vita vya kupigania faragha. Humo anasema mtu hawezi kuwa mtu kamili, wala kupenda, wala kuaminiana na mwenziwe, ikiwa mwili wake, chumba chake, maradhi yake na mazungumzo yake vimekuwa mali ya kila mwenye simu.

Maneno hayo yasingefika mbali kama yangebaki vitabuni. Mwaka 2014 alitoa kitabu chake cha kwanza, juu ya uhalifu wa chuki katika mtandao, na mwaka huo huo, pamoja na mwenzake Mary Anne Franks, akaandika makala ya kutaka iwe jinai kusambaza picha za faragha za mtu bila ya ridhaa yake. Wakati walipoianza shughuli hii, majimbo ya Marekani yaliyokuwa na sheria ya namna hiyo yakihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Watu walikuwa wakiziita picha hizo za kisasi. Wao walilikataa jina hilo, kwa kuwa kisasi maana yake kuna kosa lililotangulia, na mwanamke aliyempa mumewe picha hakumkosea mtu. Kati ya mwaka 2014 na 2016 Bi Citron alikuwa mshauri wa Kamala Harris, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa California. Afisi hiyo ilimshtaki mtu mmoja wa San Diego aliyekuwa na biashara ya ajabu: tovuti moja akichapisha picha za uchi za wanawake pamoja na majina na miji yao, na tovuti ya pili akiwatoza mamia ya dola ili aziondoe. Aprili 2015 alihukumiwa, awali, kifungo cha miaka 18. Leo karibu kila jimbo lina sheria yake. Mwaka 2022 sheria ya taifa ikampa aliyeanikwa haki ya kudai fidia ya hadi dola 150,000, na Mei 2025 ikatiwa saini sheria nyingine inayofanya kusambaza picha hizo, za kweli au za kughushi, kuwa jinai ya taifa zima. Makampuni ya mitandao yalipewa mwaka mmoja, hadi Mei 2026, kuweka utaratibu wa kuziondoa katika muda wa saa 48 baada ya kuarifiwa.

Juu ya makampuni hayo alipata upinzani mkali zaidi. Kuna kifungu cha sheria ya Marekani cha mwaka 1996, maarufu kwa nambari yake, 230, kinachosema kwamba mwenye mtandao hahesabiwi kuwa ndiye mnenaji wa maneno yaliyowekwa na watu wengine humo. Kwa kinga hiyo yalikua makampuni tunayoyajua. Bi Citron hakutaka kinga ifutwe. Katika makala ya mwaka 2017 aliyoiandika na Benjamin Wittes, na mbele ya kamati ya Kongresi Oktoba 2019, alisema kinga iwe na sharti: apewe yule aliyechukua hatua za busara kuzuia madhara, asipewe yule aliyejenga duka lake juu ya madhara hayo. Mwenye hoteli hawezi kusema hajui chumbani kunafanywa nini ikiwa yeye ndiye anayeuza tiketi za kuchungulia tundu la ufunguo.

Sasa nije kwenye kisa ambacho Profesa mwenyewe amekihadithia mara nyingi, na ambacho kwetu sisi kina uchungu wake. Aprili 2018 mwandishi wa habari wa India, Rana Ayyub, Mwislamu, aliyekuwa ameandika kitabu juu ya mauaji ya Gujarat ya mwaka 2002, alizungumza katika idhaa za kimataifa juu ya mtoto wa Kiislamu wa miaka minane aliyenajisiwa na kuuawa Kathua, Jammu. Alilaumu kwamba wapo wanasiasa waliosimama upande wa washtakiwa. Siku chache baadaye, akiwa mkahawani na rafiki yake, aliletewa video katika simu. Ilikuwa ya uchafu, na uso ulikuwa wake. Mwili haukuwa wake. Kompyuta ilikuwa imeubandika uso wa mwanamke mmoja juu ya mwili wa mwingine, kwa ufundi ambao jicho la kawaida halikuweza kuugundua. Kabla ya siku kwisha ilikuwa katika simu za watu chungu nzima nchini mwake, na nambari yake ya simu ikatangazwa kana kwamba anajiuza.

Alikwenda polisi. Walisitasita kuandika ripoti. Alilazwa hospitali, moyo unamwenda mbio. Mwezi uliofuata wataalamu wa Umoja wa Mataifa walilazimika kuitaka serikali ya India imlinde. Baadaye aliandika mwenyewe kwamba, mtu aliyekuwa hamwogopi yeyote, alianza kuyapima maneno yake kabla ya kuyatoa.

Huyu ndiye mtu ambaye Bi Citron alimpeleka mbele ya walimwengu katika hotuba yake ya mwaka 2019, mwaka ambao pia aliitwa mbele ya Kamati ya Ujasusi ya Baraza la Wawakilishi kueleza hatari ya video za kughushi. Angeweza kuchukua mfano wa rais au tajiri. Alimchukua mwanamke wa Kiislamu wa Mumbai. Nampa heshima yake kwa hilo. Katika mji kama wetu, mwanamke wa aina ya Rana Ayyub akizushiwa video kama ile, nani angengoja kuuliza kama ni ya kweli? Mume? Mama mkwe? Imamu? Mzungu akizushiwa hupoteza kazi, akaenda kortini akadai. Wetu hupoteza nyumba, na mabinti zake hukosa wachumba. Aliyebuni silaha hii hakutufikiria sisi, lakini inatuua sisi zaidi.

Kuna upande wa pili wa upanga huo, nao Bi Citron na mwenziwe Robert Chesney waliutaja katika makala yao ya mwaka 2019. Watu wakishazoea kwamba video zaweza kughushiwa, mwongo naye anapata faida yake: akinaswa katika video ya kweli, atasema ni ya kompyuta. Juni 2025 mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi na askari katikati ya Nairobi, na kamera zikanasa. Nchi iliona, na haikuwezekana kukana. Siku ambayo itawezekana kukana, wazazi wa vijana wanaopotea, nao huku Pwani si wachache, watashika nini mkononi?

Kazi moja ya Profesa huyu haisemwi sana, nami naiona ya maana kwa wasomaji wa ukurasa huu. Ni ya mwaka 2008, kabla hajajulikana. Alichunguza namna serikali za Marekani zilivyokuwa zikiikabidhi kompyuta kazi ya kuamua nani apewe msaada na nani anyimwe. Huko Colorado waandishi wa programu walikuwa wameingiza kanuni za makosa zaidi ya 900 katika mtambo wa misaada ya umma. Maskini wakakatiwa chakula na matibabu, na karani akiulizwa husema mashine ndiyo iliyokataa. Tena akaitaja orodha ya wasioruhusiwa kupanda ndege, ambamo jina lako likifanana tu na la mtu anayetafutwa, unazuiwa uwanjani na hakuna wa kukueleza. Wenye majina kama yetu wanajua sana habari hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba mashine ikikuhukumu, una haki ya kuelezwa sababu, kuona kumbukumbu, na kusikilizwa na binadamu.

Sisi tuliisikia hoja hiyo kwa lugha nyingine. Kwa miaka mingi kijana wa Kiislamu wa Pwani aliyekwenda kuchukua kitambulisho aliulizwa vyeti vya babu na nyanya, huku mwenziwe wa bara akipita. Wanubi wa Kibera waliionja adha hiyo kupita wote, na ndiyo maana ni wao, kupitia Nubian Rights Forum, waliokuwa mstari wa mbele kuishtaki serikali juu ya Huduma Namba. Januari 30, 2020, Mahakama Kuu iliamua kwamba mpango ule usiendelee mpaka iwepo sheria kamili ya kuulinda, na ikakataza kuchukuliwa chembe za DNA. Oktoba 2021 mahakama hiyo ikasema tena kwamba kadi zilitolewa kinyume cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Waliosimama kizimbani kwa ajili ya siri ya kila Mkenya walikuwa jamii ndogo ya Waislamu waliochoka kuulizwa wao ni nani.

Baada ya kumsifu Profesa inanibidi niseme ninapotia shaka. Sheria ya kulinda watu na sheria ya kuwanyamazisha huvaa kanzu moja. Yeye mwenyewe analijua hilo. Mwaka 2014 jimbo la Arizona lilipitisha sheria ya picha za uchi iliyoandikwa ovyo kiasi kwamba hata mwenye duka la vitabu vya sanaa na mwandishi wa picha za vita angeweza kufungwa. Wauza vitabu wakaenda kortini, na mwaka 2015 utekelezaji wake ukazuiwa. Sheria ya Illinois, iliyoandikwa kwa uangalifu zaidi, ilikubaliwa na mahakama ya juu ya jimbo hilo mwaka 2019. Hata ile ya saa 48, shirika ambalo Bi Citron na Bi Franks wanalitumikia liliisifu sehemu ya jinai, lakini likaonya kwamba njia ya kuondoa picha yaweza kutumiwa na wenye nguvu kufuta wasiyoyapenda.

Wakenya hatuhitaji kwenda Arizona. Tulikuwa na kifungu cha 29 katika sheria ya mawasiliano, kilichofanya kuwa kosa kutumia simu au mtandao vibaya, na vibaya ilikuwa chochote afisa alichochukia. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikifuta. Miaka miwili baadaye ikaja sheria ya uhalifu wa kompyuta. Ndani yake mna kifungu cha 37 kinachoadhibu kusambaza picha ya faragha ya mtu, faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au yote mawili. Lakini kiliwekwa gunia moja na vifungu vya habari za uongo vilivyowatisha waandishi. Chama cha wanablogu kikaenda mahakamani, na Mei 29, 2018 vifungu 26 vikasimamishwa, cha 37 kikiwa miongoni mwao. Mpaka Februari 20, 2020, mahakama ilipoitupa kesi hiyo, mwanamke aliyeanikwa hakuwa na kifungu hicho cha kumtegemea. Wabunge waliotaka kuwabana wakosoaji wao walimfanya yeye kuwa ngao, akaumia yeye.

Nilipofika hapa nilirudi kwenye kesi ya mtaani petu, nikajaribu kuipitisha katika milango iliyopo. Kadhi haimhusu, kwa kuwa Katiba, kifungu cha 170, imempa hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi. Akiachwa, Kadhi atamsikiliza juu ya talaka, hatamsikiliza juu ya picha. Kifungu cha 37 kinazungumzia picha ya faragha, na hapo wakili wa mshtakiwa ataruka: mteja wangu kapiga picha ya mwanamke aliyevaa nguo zake kamili, tena ukumbini mbele ya watu mia tatu, faragha iko wapi? Sheria nyingi za Marekani zilizotokana na juhudi za Bi Citron zingekubaliana na wakili huyo, maana kipimo chao ni uchi au tendo la ndoa. Hili ndilo pengo ninaloliona katika jengo lake zuri. Faragha aliyoieleza kitabuni ni pana kama sitara. Iliyoingia katika sheria ni nyembamba kama utepe. Kwa mwanamke anayejifunika, nywele zake mbele ya wasio maharimu ni aibu ile ile, na watu mia tatu wa ukumbini walikuwa wanawake watupu walioingia kwa sharti.

Mlango wa tatu unanipa matumaini kidogo. Sheria ya Ulinzi wa Data haiulizi nguo. Inauliza ridhaa. Septemba 2023 Afisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya starehe ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuwa amekuja zake kustarehe. Hakuna aliyekuwa uchi. Ikiwa mlevi wa klabu ana sitara mbele ya sheria, nashindwa kuona kwa nini mcheza chakacha asiwe nayo. Ila sheria hiyo hiyo imesamehe mambo ya mtu binafsi ya nyumbani kwake, na mpiga picha wetu atajificha humo, aseme yeye si kampuni. Je, picha iliyopelekwa kwa kundi la wachezaji mpira na madereva wa tuktuk ingali ni jambo la nyumbani? Nionavyo mimi, hapana, lakini mimi si Kamishna, wala sijaona kesi ya namna hiyo ikiamuliwa.

Wiki iliyopita nilimwendea kaka yake bibi yule, nikamweleza haya niliyoyaandika, na nikamwomba radhi kwa kimya changu cha siku ile. Alinisikiliza. Akaniambia dadake ameiweka ile simu aliyoletewa picha, hajafuta kitu, na majina ya waliotuma yamo. Anataka kwanza azungumze na wazee wa upande wa mume baada ya Ijumaa. Nikamwambia kama ataitaka nauli ya kwenda kituoni, au mtu wa kumsindikiza, nipo.